Daktari wa Runinga

Mwigizaji alikuwa akirudisha koti jeupe la maigizo na kipimo cha moyo cha plastiki, ameapa kazi ya kuigiza udaktari haigusi tena, alipopitia wodini kumjulia hali mama yake. Mlangoni daktari akamnong'oneza kwamba mama hafiki kesho.

"Daktari wangu huyo!" mama akawatambia wagonjwa wenzake. "Mwanangu, nipime wewe. Hawa wanajua kuchoma sindano tu."

"Mama, mimi naigiza tu."

"Usinizungushe! Kila wiki unaponya watu kwenye runinga, mimi mzazi wako ndiyo nikushinde?"

Akavaa koti. Akakibandika kipimo cha plastiki kwenye kifua kilichobaki mbavu tu. Hakusikia kitu, mpira wake haukuwa na tundu.

"Moyo unadunda kama wa msichana, mama."

Mama akafumba macho, anatabasamu.

Kitanda cha pili, mzee akaanza kufungua vifungo vya shati. "Daktari, ukimaliza hapo, na mimi."