Mama Aliyepumzika

Tangu sheria ipige marufuku nyuso zilizochoka kwenye skrini, kompyuta zilikuwa zikizirekebisha zenyewe. Zamoyoni hakulitilia maanani, maana yeye na skrini wapi na wapi, mpaka binti yake Tunu alipopewa kazi shuleni: atengeneze trela ya filamu kuhusu nyumbani kwao.

Zamoyoni alikuwa ametoka kiwandani kubangua korosho kutwa nzima, vidole vimeungua kwa mafuta ya maganda, kiuno hakisemeki. Tunu akamwelekezea kamera.

"Mama, sema tu, 'Tunu, njoo ule.'"

Akasema. Tunu akabonyezabonyeza kompyuta yake, akamwonyesha. Kwenye skrini alisimama Zamoyoni yuleyule, ila macho yanang'aa, vidole safi, sauti laini kama ya bibi harusi.

"Huyo nani?"

"Wewe, mama. Ukiwa umepumzika."

"Nirudishie vidole vyangu, mwanangu."

"Inakataa. Nimejaribu mara tatu."

Zamoyoni akajikongoja jikoni kusonga ugali. Ulipoiva, akaita, "Tunu!"

"Nini tena?" Siku hizi ndivyo alivyoitika.

Mama akaketi kwenye kigoda, akangoja. Mara kutoka kwenye kompyuta ya Tunu chumbani ikaja ile sauti isiyo na mikwaruzo: "Tunu, njoo ule."

"Abee, mama!" Tunu akaitika, kwa upole ambao Zamoyoni hakuwa ameusikia tangu mtoto akiwa darasa la pili.

Mama alikwisha kuanza kutabasamu alipokumbuka kwamba si yeye aliyeita.