Mistari Mitatu

"Shikamoo mama. Ukikata mistari mwenyewe, barua pepe yako inafika kwenye simu yangu vipandevipande," mwanawe alimwandikia kutoka Oslo. "Acha, mistari itajikata yenyewe."

Eunike, mpiga taipu mstaafu, alizoea kushusha mstari kila baada ya maneno machache, ukurasa upendeze. Pale kwenye intaneti kafe ya Moshi mjini akaanza kuiunganisha mistari ya barua aliyokuwa ameiandika, mmoja baada ya mwingine. Habari za ng'ombe zikapanda, zikashikana na za mvua; za mvua zikashikana na za kanisani.

Barua iliyojaza kioo kizima ikabaki mistari mitatu. Mwezi mzima wa kijijini kwake Machame, mistari mitatu tu.

Aliutazama ule weupe wa kioo chini ya mistari hiyo. Kisha akaandika, bila kukata: "Siku hizi naongea na ng'ombe, mwanangu, na juzi nilimwita kwa jina lako."