Chumvi ya Jikoni

Muuzaji alimshauri Bi Saumu, "Chukua tangi dogo, shangazi, pesa ibaki ya pampu na chumvi yake. Hawa ni samaki wa baharini." Bi Saumu akachukua kubwa la kujaza sebule, mawifi waje waone. Pesa ikamwishia kwenye kioo, chumvi akatia ya jikoni.

Wifi mkubwa, Mwanakheri, alitangulia kufika. Akawakuta samaki wanaelea ubavu.

"Wamelala," Bi Saumu akasema, macho chini.

Mwanakheri akachovya kidole, akaonja. "Wifi, hii si ya mchuzi?"

Hakucheka; angecheka ingekuwa nafuu. Alivua kanga ya begani, akalifunika tangi taratibu.

"Hodi," wadogo zake wakaita mlangoni, wanavua viatu. "Tumekuja kuiona bahari."

Bi Saumu akashika pindo la kanga, akalivuta lifunike hadi chini.