Toleo Lililomngoja Fuko

Mchwa alitunza programu ya simu ya kuonya kuhusu mafuriko, ambayo wanyama wote waliitumia bure. Kabla ya kutoa toleo jipya, aliwapa jirani zake walifanyie majaribio.

"Mbona halisemi?" akauliza Fuko, ambaye haoni.

"Sauti nimeiondoa. Hakuna aliyewahi kuniandikia kuihusu," akajibu Mchwa.

"Ilifanya kazi vizuri, mwenzangu. Ningekuandikia nini?"

Mchwa akaahirisha kulitoa, akairudisha sauti.

"Sote tungoje kwa ajili ya fuko mmoja?" alifoka Mama Kicheche.

"Ndiyo, mama. Mmoja," akajibu Mchwa.

Toleo likatoka. Mvua iliponyesha, Mama Kicheche alikuwa akinyonyesha, bila kuitazama simu. Akaisikia simu ikisema: "Maji yanakuja! Pandeni kilimani!" Akawabeba wanawe mbio. Kilimani alimkuta Fuko keshafika.

"Karibu, mama. Waweke watoto hapa, ni pakavu."