Mzigo wa Kwenda Iringa

Yule mtu wa pikipiki alikikataa kikapu bila hata kugeuka.

Alikuwa amesimama nje ya ua, kaipa nyumba mgongo, kavaa koti zito la kijeshi kama yale yaliyozagaa masokoni tangu vita viishe. Kofia ya ngozi ilimfunika masikio, miwani ya vumbi ilimficha macho, na kitambaa kilimziba pua na mdomo. Marta, mama mkwe wa Ikupa, ndiye aliyekuwa akienda na kurudi kati yake na nyumba.

"Anasema kikapu hakifai, mwanangu. Kidogo."

"Mama, nguo zangu ni mbili tu. Nitakipakata."

Marta akaleta gunia. Nalo likakataliwa, eti linalegea. Ndipo yule mtu akanyoosha kidole kuelekea mlangoni, kwenye sanduku la bati la harusi, ambalo likisimamishwa humfika Ikupa kifuani.

Ikupa alilitazama sanduku, akarudi nyuma hatua moja. Mwaka ule wa hamsini na tatu Mbeya nzima ilikuwa ikisimulia habari za mumiani, watu wanaopita na magari wakiwakamata wenzao na kuwakamua damu. Sanduku kubwa namna hii, kwa nguo mbili? Bila shaka kuna kitu kingine cha kutia humo, na kitu chenyewe bado kinapumua.

Lakini Asukile, mumewe, alikuwa hospitali Iringa. Gogo lilikuwa limemwangukia huko Mufindi alikokuwa akipasua mbao. Dereva wa lori aliyeleta habari alisema daktari atamkata mguu kesho asubuhi, na kwamba mgonjwa hana neno jingine ila jina la mkewe. Basi lilikuwa limekwishaondoka, na jingine ni wiki ijayo.

"Mama, huyu mtu ni nani?"

"Mtu mwema. Pikipiki ni ya daktari wa misheni. Mkweo kahangaika mpaka kaipata." Marta alikuwa akikaza kamba na hakumtazama.

Hilo lilimtuliza Ikupa kidogo. Baba mkwe alikuwa mzee wa heshima, ingawa Ikupa hakuwahi kumwona uso tangu aolewe. Ndivyo Wanyakyusa wanavyomtaka mke wa mwana: yeye na baba mkwe wasionane wala wasigusane. Ikupa akisikia tu kile kikohozi kirefu ambacho mzee alirudi nacho kutoka vitani Burma, hutupa jembe, akajifunika khanga usoni na kuchutama migombani mpaka apite. Mzee kama huyo asingemkabidhi mkwewe kwa mumiani. Labda kama naye kadanganywa.

Sanduku likasimamishwa wima kwenye kiti, likafungwa nyuma ya mgongo wa yule mtu. Ikupa akakalishwa nyuma kabisa, kwenye karia, kakumbatia bati. Mbele hakuona kitu. Pikipiki ilikuwa ya mbio, nayo ikaishika barabara ya Iringa kwa mwendo wa kichaa.

Chimala wakasimama. Yule mtu alinunua ndizi za kuchoma, akaziweka juu ya jiwe, akaenda kusimama mbali akiwa amegeukia mlima. Akapunga mkono nyuma ya mgongo: chukua. Ikupa hakuzigusa. Hata kuku hutegwa hivyo hivyo.

"Kaka, tutafika leo?" aliuliza.

Yule mtu aliiwasha tu pikipiki.

Karibu na Makambako gurudumu likaingia shimoni. Sanduku likayumba, na Ikupa, kwa woga, akalidaka koti la yule mtu. Kilichofuata hakukielewa. Pikipiki ilisimama nusura ilale, na yule mtu akaruka chini, akakimbilia majanini, akasimama huko kampa mgongo.

Ikupa naye akashuka. Miguu ilimwambia akimbie, lakini pande zote kulikuwa na majani na upepo tu. Machozi yakamtoka.

"Nifikishe kwa mume wangu," alisema. "Nimwone tu. Baadaye damu yangu chukua."

Yule mtu aliinamisha kichwa. Kisha akamwashiria asogee kando, na alipokwisha kusogea mbali ndipo akarudi kulikaza sanduku upya, kwa kamba nyingi kuliko mwanzo.

Walifika Iringa jua likizama. Yule mtu alilibeba sanduku mpaka mlango wa wodi, akalitua, akaondoka haraka akikunja kona ya jengo. Ikupa hakuamini kuwa yuko hai. Akaliburura sanduku ndani mpaka kitanda cha dirishani, na hapo akamkuta Asukile, amekonda, macho wazi, miguu yote miwili bado anayo. Wakalia pamoja.

"Nani kakuleta?" Asukile aliuliza walipotulia.

"Mtu wa misheni. Bubu. Kutwa nzima sikumwona uso. Nilijua ni mumiani, Asukile, nilijua nakufa. Na hili sanduku kalikazania kama lake." Akalifungua. Zile nguo mbili zilikuwa zimejikunja kwenye pembe moja. Hakukuwa na kitu kingine.

Asukile aliutazama utupu ule.

"Njiani lilikaa wapi?"

"Katikati yetu. Mimi huku, yeye kule."

Asukile akageuza kichwa taratibu kuelekea dirishani. Huko nje, chini ya dirisha, mtu alishindwa kujizuia zaidi, akakohoa, kikohozi kirefu kilichobanwa tangu Mbeya.

Ikupa akajifunika khanga usoni, akachutama nyuma ya sanduku.