Jiko la Verdiane

Verdiane alisugua sufuria kwa jivu mara ya tatu, akaitazama, akaisugua tena. Ilikuwa inang'aa, lakini mikono yake haikutaka kuiacha.

"Imetosha, utaitoboa," alisema dada yake mkubwa, Brigitte, aliyekaa kwenye kigoda. Maneno yalimtoka upande mmoja wa mdomo. Upande wa pili ulilala tangu mavuno ya maharage, siku tansiyo, yaani presha, ilipomwangusha shambani. "Weka maharage ku moto. Muganga iko kwa jirani Nzabandora, sasa hivi anafika."

Huyo muganga ni muuguzi Nishimwe. Mwezi uliopita alipima watu wa kijiji kizima, hapa juu ya Ngungu, na juzi majibu ya damu yalitoka Goma. Karibu kila mtu mzima alikuwa na presha ya juu, na ndani ya damu yao ilikutwa plombi, madini mazito kama yale ya kwenye betri za magari. Wawili walikuwa wamekwisha kuzikwa. Brigitte aliambiwa wazi kwamba akianguka tena hatainuka.

Mtu mmoja tu alikutwa na damu safi, na huyo ni Verdiane.

Ungedhani angefurahi. Jaribu wewe kuwa mzima peke yako kwenye mlima wa wagonjwa. Kisimani wanawake walimpisha bila salamu. Kanisani benchi lake halikujaa. Waliulizana, wala si kwa sauti ya chini sana, ni nani anayekula afya ya wenzake. Verdiane aliona haya hata kupanda kilima kwa haraka. Siku nyingine alijifanya kuhema.

Nishimwe aliingia na daftari mkononi. Nyuma yake wanawake kadhaa, waliodai wanapita tu, walijazana mlangoni. Mbele yao alisimama Mama Marie, mkuu wa akina mama wa kanisa, mtu asiyesahau alichokiona katika jiko la mwenzake. Ndiye aliyetunga wimbo juu ya mke wa Habumugisha, aliyekutwa akichota maji kwa kibuyu kama watu wa zamani. Wimbo ule uliimbwa misimu miwili, na mke wa Habumugisha akahamia kwao Shasha.

"Dada Verdiane, usiogope," alisema Nishimwe. "Nilisha kuangalia maji, munyu, na dawa ya mashamba. Wote munatumia vile vile. Imebakia kitu moja tu, sufuria. Zote zinatoka ku fundi mumoja, na ule anayeyusha kila chuma anaokota, hata batri. Lakini siwezi kuambia watu watupe sufuria zao juu ya mawazo yangu tu. Labo yetu inapima damu, haipime sufuria. Wewe njo muntu muzima. Jiko yako njo itatuambia."

Akapiga magoti. Sufuria ilikuwa imeinama juu ya mafiga, kama inataka kumwaga.

"Mafiga yako iko karibu-karibu sana."

"Njo nilizoea," alisema Verdiane.

Muuguzi alionja maharage kwa mwiko, akatabasamu. "Iko na utamu ya kwa nyanya yangu. Unaweka nini mule?"

"Maji na munyu tu."

"Ao unakunywaka dawa ya tansiyo kisirisiri?"

"Hapana, Muganga."

"Na hii sufuria ulinunua wapi?"

Verdiane alifungua mdomo. Alimtazama dada yake, akatazama mlangoni. Mama Marie alikuwa amenyoosha shingo. Aibu ilimpanda hadi masikioni.

"Ku fundi ule ule," Brigitte alijibu haraka. "Tulinunua pamoja, siku ya soko. Si njo vile?"

"Njo vile," alisema Verdiane, macho yakiwa chini.

Nishimwe alipiga picha kwa simu. Alikuwa amepanda milima mingi kwa ajili ya jiko hili.

"Basi haiko sufuria," alisema. "Kama njo ingekuwa na makosa, na wewe ungegonjwa." Akafuta mstari wa mwisho katika daftari. "Wamama, mupike bila woga. Nitatafuta pengine."

Wanawake walishusha pumzi, wengine wakacheka. Verdiane alimfuata muuguzi hadi kwenye migomba.

"Muganga."

Nishimwe aligeuka. "Kuko kitu unaficha, dada? Unajua walisema, mficha maradhi, kifo humuumbua."

Kutoka uani ilisikika sauti ya Mama Marie, ikitafuta mwanzo wa wimbo, wimbo wowote tu. Verdiane alijichukia kuliko alivyowahi kumchukia mtu.

"Hapana," alisema. "Nilitaka kusema safari njema."

Aliporudi, wanawake walikuwa wametawanyika. Brigitte alikuwa amesimama kwa kushika ukuta, na nusu ya uso wake ilikuwa na furaha.

"Umesikia? Sufuria haina makosa," alisema. "Sasa nipe yangu, niende. Watoto hawajakula tangu asubuhi."

Verdiane aliingia chumbani, akapiga magoti, akatoa chini ya kitanda chungu cheusi cha udongo cha marehemu mama yao. Akakirudisha juu ya mafiga, kikakaa sawasawa. Akamimina maharage humo, kisha akampa dada yake sufuria yake, ikiwa bado ya moto.