Tonge la Wifi

Siku hizo kila mtu alikuwa na bakuli lake, lililosema na kumhesabia matonge, na chakula cha ndani kilipikwa kiwandani kwa kipimo cha mwili wake peke yake. Mwingine akikionja, kilimtapisha.

Adhuhuri moja Bi Kidawa ndiyo kwanza amefunua lake, akaingia wifi yake Mwanakheri kutoka Korogwe. Miaka sita hawajaonana.

"Hodi! Mnakula bila mimi?"

"Mama mkwe wako anakupenda! Nawa mikono, wifi, tule."

Maneno yalimtoka kwa mazoea, na Mwanakheri naye akanawa kwa mazoea. Kisha wakatazamana. Bakuli la Mwanakheri lilikuwa Korogwe, lisingefika mpaka kesho.

"Usijali, nimeshiba," alisema Mwanakheri, na tumbo lake likanguruma.

Bi Kidawa alifinyanga tonge dogo, akalichovya kwenye mchuzi. "Hili tu. Labda wanatutisha bure."

Alimnyooshea mdomoni, kama alivyomlisha zamani wifi yake alipokuwa mzazi kitandani. Mwanakheri alijua litamtapisha, lakini hakuweza kulikataa tonge la mkono. Akalimeza.

Robo saa haikupita. Bi Kidawa alimshika paji la uso juu ya beseni, wifi akitapika mpaka nyongo.

"Nisamehe, wifi yangu."

"Kitamu," alinong'ona Mwanakheri, akijifuta mdomo. "Kina nazi kama kile chako cha zamani."

Hakikuwa na nazi.

Mezani bakuli lilikuwa likiita kwa upole: "Bi Kidawa, limepungua tonge moja. Limekwenda wapi?"